Milimita Mbili za Pua

Mimi simpendi mtu anayehukumu ndege kwa macho. Miaka kumi na tisa iliyopita nilisimama kwenye mkutano wa chama chetu cha waunda modeli hapa Moravia, nikabishana na watu mpaka sauti ikakauka, tukapitisha kanuni: kila modeli ya ndege itapimwa kwa michoro iliyochapishwa na chama, basi. Na michoro yenyewe nani aliichora? Mimi, Zbyněk Horáček. Nilijiona kidume kweli.

Mchoro ulionipa jina ni wa ile ndege ya mafunzo iliyoko makumbusho ya wilaya. Niliipima mwenyewe kwa tepu nilipokuwa kijana. Na kwa mchoro huohuo ndipo nilipommaliza Otakar Vlasák. Otakar alichonga kalibu gerejini kwake miaka mitatu, akatoa seti ya kuunganisha modeli ya ndege hiyo, vipande sabini na kimoja vya plastiki, vyote vinaingiana bila kulazimishwa. Nikalaza kiwiliwili juu ya mchoro wangu, kisha nikaandika kwenye jarida la chama: pua fupi kwa milimita mbili, msinunue. Watu wa fani yetu ukiwaambia pua fupi, umeshazika. Maduka yakamrudishia maboksi. Akauza mashine, akaenda kulinda geti la kiwanda cha sukari.

Sasa Jumanne iliyopita makumbusho wameishusha ndege ile kuikarabati, wakaniita niipime upya. Nikapima pua. Nikapima tena. Mara ya tatu ikatoka ileile: fupi kwa sentimita kumi kuliko mchoro wangu. Nyumbani nikafukua daftari langu la zamani, nikakuta kwa mwandiko wangu mwenyewe: "kuanzia 10". Tepu yangu ya wakati ule ilikuwa imelegea ncha ya mwanzo, kwa hiyo nilianza kupima kwenye alama ya sentimita ya kumi, kama sote tufanyavyo, halafu mwishoni unatoa kumi. Kwenye mabawa nilitoa. Kwenye mkia nilitoa. Kwenye pua nikasahau. Sentimita kumi ukizipunguza mara arobaini na nane, kipimo cha seti ya Otakar, ni milimita mbili. Mwenzangu alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza, mpuuzi nilikuwa mimi. Supu ilinishinda siku hiyo.

Jumamosi ikawa mashindano. Na nani kaja? Otakar, ambaye hakukanyaga ukumbini tangu nilipoandika yale, kabeba ndege aliyoiunda kutoka boksi lake la mwisho. Alimwambia Libuše, mwalimu mstaafu wa hesabu tunayeamua naye, kwamba mikono imeanza kutetemeka, hataunda nyingine, anataka nishani moja tu kabla hajaacha. Nikaizungukia ile ndege. Hakuna kiungo kinachoonekana, rangi imetulia, hata mikanda ya rubani imo. Ilistahili nafasi ya kwanza, bila ubishi.

Mwamuzi wa tatu, Hynek, fundi wa meno bandia, akatandaza mchoro wangu, akaweka rula.

"Pua fupi, milimita mbili. Tunakata alama kumi na tano."

"Ndege iko sawa," nikasema. "Mchoro ndio umekosea."

Hynek akacheka. "Mzee Zbyněk, usituletee huruma za uzeeni. Mchoro una sahihi yako."

Nikawafungulia daftari. Libuše akasoma, akavua miwani. Aliniamini, nilimwona usoni. Lakini akafungua pia kitabu cha kanuni: mchoro hubadilishwa na mkutano mkuu tu, na mkutano ni Novemba.

"Kanuni yako hii, bwana," akasema. "Ulitugombeza siku nzima tusiibadilishe hata nukta."

Nikasema basi sitii sahihi kwenye karatasi ya matokeo. Akanijibu kwamba nisipotia, kundi zima halipati nishani, na watu thelathini wanasubiri pale na familia zao. Nikageuka kulia, kanuni yangu. Kushoto, mchoro wangu. Nikatia sahihi, Otakar akawa wa saba.

Ikanishinda. Nikachukua maikrofoni, nikaeleza yote mbele ya ukumbi: tepu, kumi niliyosahau, jinsi nilivyomharibia Otakar kazi. Mmoja akaanza kupiga makofi, mara ukumbi mzima umesimama. Uungwana gani huu, walisema, mtu mzima kukiri kosa! Hynek alinikumbatia huku akifuta machozi. Mwenyekiti akatangaza palepale kwamba kikombe cha uungwana cha mwaka huu ni changu, akakitia mkononi mwangu. Nilijaribu kuwaonyesha Otakar alipo, lakini kila nikiinua mkono kuna mtu anaushika anipongeze.

Nilipopenya nikamkuta anailaza ndege kwenye sponji.

"Otakar, nisamehe. Nimewaambia wote."

"Nimesikia. Umesema vizuri." Akahangaika na kifuniko cha sanduku, vidole vinamtetemeka. "Ulipoiua ndege yangu walikupigia makofi wewe. Leo umeifufua, wamekupigia wewe tena."

Akanyanyua sanduku kwa mikono yote miwili.

"Nifungulie mlango," akasema, "nimebeba."