Mkanda Ndani ya Injini

Lori la Casimir lilikuwa limetembea hadi kihesabu cha kilomita kikajaa, kikarudi sifuri, na sasa kilikuwa kinakaribia kujaa tena. Alilinunua kwa mfanyabiashara wa samaki aliyechoshwa nalo, akalifungua lote uani kwake, mtaa wa Kenia, akalifunga tena kwa mikono yake miwili. Hakuwa mtu wa kujishusha. Mji mzima wa Elisabethville, alisema, hakuna injini inayoweza kumficha ugonjwa wake.

Mwaka wa 1952 lori hilo likamtia aibu. Dada mkubwa wa mama mkwe wake alifariki Mokambo. Casimir aliahidi kumpeleka mama mkwe, Mama Chileshe, mazikoni, na lori likagoma kabla hawajatoka mjini. Mama Chileshe akakosa kumzika dada yake. Sasa ilibaki siku ya kumaliza kilio, Jumamosi, ambapo ndugu wote wangenyolewa nywele pamoja. Akikosa na hiyo, ukoo ungesema amemkana marehemu, na kosa lingekuwa la Casimir.

Kulikuwa na kizuizi kimoja. Kwao mkwe na mama mkwe hawasemeshani, hawatazamani usoni wala hawatajani majina mpaka ifanyike karamu ya kuwafungulia, na karamu hiyo, kwa miaka minne, ilikuwa bado. Kila neno lilipita kwa Honorine, mke wa Casimir.

Alhamisi Casimir alirekebisha valvu. Injini ikawaka vizuri, ila iligonga, ko, ko, ko.

"Ni soupapes tu, zile valvu za juu, zitatulia," alimwambia mkewe, akipiga mluzi.

Nyuma ya jiko Mama Chileshe aliacha kuchambua maharage. "Honorine, ambia bwana yako hii kelele inatoka chini."

Honorine alikwenda, akamwona mumewe amejaa grisi hadi viwikoni na furaha hadi masikioni. Mwanamume gani apendaye kufundishwa injini na mama mkwe? "Mama anasema aksanti sana kwa kazi," akasema. Alitumwa mara tatu siku ile, na mara tatu alifikisha shukrani. Casimir akazidi kuvimba kichwa.

Ijumaa asubuhi Honorine alikwenda sokoni. Casimir alikuwa ananawa mikono, kazi imekwisha, alipomwona Mama Chileshe akitoka amejifunika kitenge kichwani. Alimpa mkwewe mgongo, akasimama mbele ya lori.

"Motokari," alisema, "mi niko nasema na weye tu. Ambia fundi yako kelele haitoke yulu. Inatoka chini, mu tumbo. Bwana yangu alitengeneza masini ya train miaka makumi mbili, ile sauti naijua. Ukienda hivi utakufa mu njia, na mi nitakosa dada yangu mara ya pili."

Masikio ya Casimir yaliwaka moto. Kwa dakika nzima alikasirika kwelikweli. Kisha akawasha injini, akachukua mpini wa fagio, akaweka ncha moja chini ya injini na nyingine sikioni. Ko, ko, ko, pale pale.

"Motokari," alisema akiitazama taa ya mbele, "ambia mama iko na haki. Ni bielle, ule mkono wa pistoni." Aibu ilimshika, lakini nguvu zilimrudia. Adui sasa alikuwa na jina.

Aliingia chini, akamwaga mafuta, akashusha sufuria ya injini. Kwenye mkono wa pistoni ya tatu, beringi ilikuwa imeyeyuka. Mpya ingetoka ng'ambo baada ya wiki sita. Casimir alijua dawa ya porini: kipande cha ngozi nzito, kimelowa mafuta, kinazungushwa mahali pa beringi, na unakwenda polepole. Ila mkanda wake mwenyewe ulikuwa mwembamba kama karatasi.

"Motokari, nani iko na ngozi ya nguvu?"

Alisikia nyayo zikienda na kurudi, kisha kitu kikiwekwa juu ya bodi ya lori. Alitoka chini ya lori, akafungua kitambaa, akakuta mkanda wa kazi wa marehemu baba mkwe, mnene, bado unanuka grisi ya garimoshi. Alikata vipande vitano. Kimoja alikifunga mahali pa beringi, vinne akavitia mfukoni.

Jumamosi Honorine alibaki nyumbani na mimba yake ya miezi minane. Mama Chileshe alipanda nyuma, akakaa juu ya kiti, ameipa kabini mgongo. Mlio wa chini ulipoanza tena, alipiga paa la kabini kwa kiganja. Casimir alishuka, akabadilisha ngozi, wakaendelea. Ilikuwa hivyo mara tatu. Jua lilikuwa bado juu walipoingia Mokambo.

Kaka yake Mama Chileshe, mzee Kasonde, alikuja na wembe mkononi. "Nani amekuleta?"

Watu wote walingoja aseme "mukwe," kama desturi inavyotaka. Mama Chileshe aligeuka, akamtazama usoni yule mwanamume aliyesimama kando ya boneti.

"Casimir," alisema. "Mutoto yangu."

Mfukoni mwa Casimir kilibaki kipande kimoja cha ngozi, na njia ya kurudi ilihitaji vinne. Alikifumbata kiganjani, akalia mbele ya wakwe zake wote, wala hakuona haya.