Kabari Chini ya Jiwe

Msinione nina rozari mkononi mkadhani mimi mtu mwema. Mimi ndiye niliyetia kabari.

Huku kwetu Galisia, juu hifadhini, kuna jabali la itale kubwa kuliko kanisa letu, na mgongoni mwake limelala jiwe linaloyumba. Anayeshukiwa hupandishwa hapo. Akiwa msafi, jiwe huyumba. Akiwa mwongo, halisogei. Askari wa hifadhi hukataza, lakini nani anamsikiliza?

Miaka thelathini niliivisha sanamu ya Bikira Maria kanisani nguo za sikukuu. Padri mpya akaja, kazi hiyo akampa wifi yangu Balbina. Wivu ukanila, nasema kweli. Haukupita mwezi, hereni za Bikira hazionekani! Watu wakasema, "Apande jiwe!" Alfajiri nikatangulia, nikapenyeza kabari ya mti wa mwaloni chini ya jiwe, lisiyumbe.

Balbina alipanda akicheka. "Wambea nyie, leo mtaumbuka!" Akakanyaga. Wapi! Akaruka kwa miguu yote miwili, mama wa miaka sabini na moja, jiwe kimya. Kicheko kikamkauka. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Wiki iliyofuata padri alizikuta hereni ndani ya pindo la joho la Bikira. Kijiji kizima kikanywea. Balbina hakutoka tena nje, na mara nikasikia anapelekwa mjini, kwenye nyumba ya wazee, tena kwa kuomba mwenyewe. Roho ikanisuta. Nikaenda mbio, hata aproni sikuvua.

Nilimkuta anafunga sanduku.

"Wifi, usiende! Ni mimi. Nilitia kabari chini ya jiwe."

Akatabasamu. "Erundina, acha bwana."

"Haki ya Mungu! Nilikuonea wivu. Twende juu nikakuonyeshe!"

"Kwa magoti yangu haya?" Akaketi kitandani. "Jiwe halidanganyi, wifi. Hereni nilizificha mimi mwenyewe, nikasahau. Akili imeniisha. Bora niende kabla sijachoma nyumba."

Nikapiga magoti, nikalia, nikaapa kwa kaburi la mama yangu. Aibu ilinichoma uso mzima. Yeye akatoa kitambaa chake, akanifuta machozi.

"Kijiji kizima, umekuja wewe peke yako," akasema. "Tena uko radhi ujipakaze uovu ili mimi nipate nafuu. Na miaka yote hii nilidhani una roho mbaya. Nisamehe, wifi."