Jaji Asiyekula kwa Mtu

Jaji Gerishon hakuwahi kuonja nyama yangu, na bucha yangu ilikuwa ng'ambo ya barabara tu kutoka kortini. Kila mchana alitoka na kiondo chake, akakaa kwenye kibaraza, akala viazi baridi na maharagwe peke yake, akafuta mdomo, akarudi ndani kutupiga faini. Wazungu walimwandika rais wa korti ya Waafrika. Sisi wa Ruiru tulimwita Jaji, na watu wa Thika vilevile, maana alihukumu huku na huko.

Sababu yake tuliijua. Zamani wazee wa kesi walikula kondoo wa mdai, kisha wakala wa mdaiwa, kisha wakasema kesi bado ni ngumu, aletwe mwingine. Gerishon alipopewa kiti akakataa. Alisema kondoo wa mdai ana ulimi hata baada ya kuchomwa. Alikataa nyama, akakataa chai, akakataa maji. Kwenye harusi aliwauliza kwanza wazazi wa pande zote kama wana kesi, ndipo akakaa, na hata baada ya kukaa hakula.

Kwetu mtu haendi kutembelea mwenzake mikono mitupu. Na kwa Jaji hakuna kitu cha mtu kilichovuka lango. Basi watu wakaacha kwenda.

Mwaka wa hamsini na nane tulisikia anastaafu. Jumatatu moja mke wake, Wangeci, akaja buchani. Hakununua kitu. Alisimama tu.

"Macharia," akasema, "kamati yenu inapanga kumfanyia nini mzee?"

"Tutamchinjia, Mama Waithira. Kondoo wa mafuta, mimi mwenyewe namtoa."

"Atakula?"

"Siku ya kustaafu? Atakosaje kula?"

Akaangalia mbavu zilizoning'inia. "Tangu aingie kortini hakuna mgeni amekula nyumbani kwangu. Nina sahani nyingi, zile za maua. Kazi yake ni kupanguswa vumbi. Binti yetu Waithira alipoolewa wageni walikula kwa jirani, nikachungulia juu ya ua kama mwizi. Nataka watu wale na sisi mara moja kabla sijazeeka. Mkishindwa siku hiyo, mimi nitazikwa na sahani zangu."

Nilimwambia hatushindwi. Mimi huongea hivyo.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa Philip, karani wa korti. Siku hizo za hali ya hatari hukusanyi watu bila kibali, kwa hivyo Philip alikwenda Thika akakipata: Jumamosi, uwanja wa kanisa, mwisho saa kumi, na askari wawili wa kutulinda tusije tukafurahi kupita kiasi. Salehe, mwenye hoteli ya chai kule Majengo, Thika, alileta pilau kwa lori. Akina mama wa kanisa wakaleta chai na viazi vitamu. Mimi nilichoma tangu asubuhi, na moshi ukawaita hata watu wa mashamba ya kahawa ambao hawakumjua Jaji wala kesi.

Hotuba zikaenda vizuri kwa kuwa zilikuwa fupi, na zilikuwa fupi kwa kuwa waliosimama kusifu wote walikuwa wamewahi kushindwa kortini. Mmoja alisema, "Huyu mzee alinifunga miezi sita, na ilikuwa haki yangu kabisa," akaketi. Watu wakapiga makofi.

Kisha nikaleta nyama, nikaiweka mbele ya Jaji pamoja na kisu. Nyama ya heshima haiguswi na mtu mpaka mwenye heshima akate kipande cha kwanza. Watu wote wakameza mate.

Jaji hakushika kisu. "Kondoo huyu ni wa nani?"

"Ni wangu, Mzee."

"Wewe si ndiye mwenye kesi ya mtaro? Maji ya bucha yako yanaingia kwa jirani."

"Kesi ni yangu, Mzee. Kondoo hahusiki."

"Hukumu nitaisoma Jumatano."

"Lakini leo umestaafu!"

"Nani kasema? Mimi ni jaji mpaka mwisho wa mwezi."

Sote tukamgeukia Philip. Philip akaanza kufunga vifungo vya koti lake, vyote, hata kile ambacho hakikuwepo. Alikuwa amepanga sherehe kwa Jumamosi ambayo kibali kilipatikana, siyo siku ambayo kazi iliisha.

"Haidhuru," akasema Salehe, "mzee ale pilau."

"Salehe, ile baiskeli unayoshtakiwa kuishika ni yako?"

"Ni yangu kabisa, Mzee!"

"Ndiyo kesi tutakayosikiliza Alhamisi. Ondoa pilau."

Tukaleta chai. Waceke aliyeipika alikuwa na mtoto wa dada yake aliyeshtakiwa kwa kuiba kuku. Tukaleta viazi vitamu. Vilichimbwa kwenye shamba ambalo ndugu wawili walikuwa wanaligombania mbele yake, na wote wawili walikuwa pale, kila mmoja akisema viazi ni vyake. Mwishoni tukamsukuma mbele Aoko, kibarua wa kahawa, mtu mgeni asiye na kesi na yeyote.

"Wewe umeleta nini?" Jaji akamuuliza.

"Mimi nimeleta njaa, Mzee."

Watu wakacheka, lakini si sana. Saa tisa ilikuwa imepita. Mafuta yalianza kuganda juu ya mbavu. Askari mmoja alitazama jua, akatazama nyama, sijui alihurumia nini zaidi. Mimi nilimtazama Wangeci. Alikuwa ameketi kando ya mumewe, mikono mapajani, na uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesomewa hukumu.

Akasimama. Akaondoka, akapita nyuma ya kanisa kuelekea kwake. Nikadhani basi, ameenda kulia.

Alirudi na sufuria kubwa ya irio, viazi na mahindi ya kuponda, kichwani. Nyuma yake walikuja wanawake sita wa kanisa wamebeba sufuria nyingine na sahani, zile za maua. Kumbe alikuwa amepika tangu alfajiri. Alimjua mume wake kuliko sisi.

"Baba Waithira," akasema, akitua mzigo, "hii ni irio ya shamba lako. Ina kesi?"

"Haina," akasema Jaji. "Lakini hawa wana kesi. Hawawezi kula chakula changu."

"Umekataza sisi kula vya watu. Lini ulikataza watu kula vyetu? Nionyeshe sheria."

Jaji akafikiri. Alikuwa mtu wa haki, akafikiri sawasawa, akakuna kidevu, akamtazama Philip, na Philip akatazama chini.

"Sheria hiyo sijawahi kuiweka," akakubali.

"Basi hapa wewe si mgeni. Wewe ndiye mwenye boma, na hawa ni wageni wako. Waambie wale."

"Wangeci, naweza kukata rufaa?"

"Kwa nani? Mama yako alishakufa."

Haiya! Hata askari walicheka. Jaji akainuka polepole, akasafisha koo kama anayesoma hukumu, akasema, "Wageni wangu, kuleni. Vyote vilivyo hapa."

Tulikula. Ngai, tulikula! Yeye alikula irio yake tu, hakugusa mbavu hata moja. Wangeci alizunguka akijaza sahani, na aliyesema ameshiba aliongezwa. Saa kumi ilipofika askari wakatutawanya, na chakula kilikuwa bado kingi.

"Bebeni!" Wangeci akapiga kelele. "Nendeni nacho na sahani zangu. Mtanirudishia."

Jaji alikuwa anamenya ndizi ya kiondoni mwake, hakusikiliza vizuri. Sahani ya mtu hairudishwi tupu, hata mtoto anajua.

Jumapili tu akamkuta mzee mmoja langoni na sahani ya maua imejaa mahindi. "Kesi ya mpaka!" Jaji akafoka. "Rudi nyuma!" Tukapashana habari, tukangoja mwezi uishe. Jumatano alinihukumu niuzibe mtaro na nilipe gharama za jirani, na sahani yake iko kwangu rafuni.

Tarehe moja ya mwezi uliofuata, Jaji si jaji tena, nilikwenda asubuhi na mbavu juu ya ile sahani. Nilikuta foleni mpaka barabarani. Salehe na pilau, Waceke na mayai, wale ndugu wawili wa viazi wakisukumana, Aoko na nanasi alilolipata sijui wapi. Wangeci alikuwa langoni akimpa kila mtu mkono na kumwambia aingie, aketi, asiondoke. Viti vikaisha, watu wakakaa juu ya mifuko na magogo.

Jaji alikuwa ndani, mikono ya shati imekunjwa, anatumwa maji ya wageni.