Nyumba ya Oduori Kwanza

Jumatatu ya wiki ya tatu baada ya mafuriko, Fazila alifika kwa Mama Perez akakuta mzigo wa ujenzi umelala pale pale ulipoachwa: miti minane, maturubai mawili, kamba, misumari na nyundo. Kuku alikuwa amejikunyata juu ya turubai la juu. Hakuna shimo hata moja lililokuwa limechimbwa.

Fazila alikuwa mratibu wa makazi katika shirika lililogawa msaada kwenye vijiji vya bondeni, upande wa Nangina. Alizaliwa Busia mjini, nyuma ya duka la vitambaa la baba yake, na kabla ya mvua ile hakuwa amewahi kulala kijijini. Redio ilisema kimbunga kilichozuka baharini ndicho kilichovuta mawingu hadi huku. Watu wa bondeni hawakujali yalikotoka. Walijua tu kwamba mto ulipanda mchana kweupe, ukazoa nyumba, na sasa walikuwa wanalala kanisani.

Mzigo huu ulikuwa wa Selpha, mke wa Derrick, kitinda mimba wa Mama Perez. Selpha alikuwa na mtoto wa siku kumi na tisa ambaye tayari alikohoa, na walilala juu ya saruji tupu pamoja na familia nyingine kumi na moja. Kwa sababu hiyo Fazila aliliweka jina lake juu kabisa ya orodha. Lakini sharti la ofisi halikuwa na upendeleo. Mzigo ambao haujasimamishwa kufikia Ijumaa saa sita mchana ungepakiwa kwenye lori na kupelekwa kijiji cha pili, ambako wengine walikuwa bado wanangoja. Fazila mwenyewe ndiye aliyependekeza sharti hilo, na hata sasa aliliona la haki.

"Derrick, unangoja nini? Mikono inauma?"

Derrick alitazama vidole vya miguu yake. "Tutajenga, madam."

"Lini?"

"Tutajenga tu."

Mama Perez, aliyekuwa akianika maharagwe yaliyolowa, alisema bila kuinua kichwa, "Msichana wangu, mwache huyo. Hana makosa."

Elungat, mwanamume wa makamo kutoka Amagoro aliyembeba Fazila kwa pikipiki yake kila siku, alicheka puani. Walipofika barabarani ndipo aliponena.

"Madam, umesoma mpaka ukachoka, lakini leo umeshindwa na kuku."

"Nieleze basi, wewe unayejua."

"Pale kulikuwa na nyumba ya kaka mkubwa?"

"Ilikuwepo, lakini ilikuwa tupu. Sikuiweka kwenye orodha."

"Sasa hapo ndipo ulipokosea. Mdogo hajengi kama mkubwa hana nyumba. Hata kwetu Teso kuna wanaofuata hiyo. Nyumba ya mkubwa ilale panya, haidhuru, bora imesimama. Sasa maji yamebeba ya mkubwa. Derrick akichimba shimo leo, ni kama amemzika ndugu yake."

Fazila alikumbuka nyumba hiyo, au mahali ilipokuwa: ukuta mmoja na mabati yaliyopinda. Alikuwa ameandika kwenye fomu, kwa mkono wake, kwamba haina mtu. Uso ulimchoma. Aliomba msamaha moyoni, kwa Mungu kwanza, kisha akamwambia Elungat ageuze pikipiki.

Mama Perez hakuficha tena. Mwanawe mkubwa aliitwa Oduori, dereva wa lori la masafa marefu. Kwa miaka sita alikuwa hajakanyaga nyumbani, tangu mkewe aliporudi kwao na watoto. Simu za mama hakuzipokea. Kwa habari za madereva wenzake, sasa alikuwa Malaba na lori la bluu, kwenye foleni ya kuvuka kwenda Uganda.

Kesho yake Fazila alikwenda Malaba. Foleni ilikuwa imetoka mpakani hadi Amagoro, lori nyuma ya lori, nguo zimeanikwa kwenye vioo. Alitembea pembeni akiuliza.

"Dada, unatafuta bwana?" dereva mmoja alimwita kutoka juu. "Mimi niko hapa na siendi popote. Si unaona foleni?"

"Natafuta Oduori."

"Oduori! Huyo hana maneno matamu. Bakia hapa upate chai."

Alimkuta chini ya tela, amechuchumaa mbele ya jiko la makaa. Alikuwa mtu mrefu, mkavu. Alimsikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Waambie wajenge. Nimewaruhusu."

"Mama yako anataka ujenge yako kwanza, kwa mkono wako. Hataki simu."

"Mama yangu ndiye alimwambia mke wangu afunge virago. Amekuambia hiyo?"

"Hapana."

"Basi." Alikoroga chai. "Na boss wangu ako Kampala. Hii foleni ikisonga mimi sipo, gari anapewa mwingine. Unajua ni wangapi wanalilia huu usukani?"

Fazila alichuchumaa naye karibu na jiko. Akamweleza alichokuwa nacho: kikohozi cha mtoto, lori la Ijumaa, na kwamba aliyeiacha nyumba ya Oduori nje ya orodha ni yeye mwenyewe, si mtu mwingine.

"Mtoto anaitwa nani?"

"Hajapewa jina. Wanasema watampa wakiwa kwao."

Oduori alikunywa chai yake yote. "Nimekusikia," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo.

Fazila aliswali alasiri katika msikiti mdogo pale Malaba, akakaa kitambo baada ya swala, kisha akarudi. Jumatano alimwomba mkubwa wake ofisini, Hussein, amwongezee wiki moja. Hussein alivua miwani.

"Kijiji cha pili hakina watoto?"

"Wapo."

"Wao hawakohoi?"

Alijua Hussein anasema kweli, akachukua fomu zake akatoka.

Alhamisi saa nane Elungat alimpigia simu. "Madam, mtu wako amefika. Amekuja na pikipiki mbili, moja ni ya turubai peke yake."

Fazila alipofika, watu wa kanisani walikuwa wamejaa ukingoni mwa boma. Oduori alisimama palipokuwa na nyumba yake, matope hadi kwenye vifundo. Mama Perez alikuwa hatua chache mbele yake. Walitazamana bila kusalimiana.

"Umekonda," akasema mama.

"Leta nyundo," akasema mwana.

Derrick alitaka kumsaidia, akazuiwa kwa mkono mpaka nguzo ya kwanza ilipoingia ardhini. Nguzo zenyewe zilikuwa magogo yaliyoletwa na mto. Kwa mabati yale yaliyopinda alifanya paa, na kwa turubai kuukuu la lori alifanya kuta. Nyumba yote haikuzidi choo kwa ukubwa.

"Oduori, hiyo ni nyumba ama ni ya kuku?" mtu alipaza sauti.

"Ingia utage."

Watu walicheka, na hata Mama Perez alifunika mdomo kwa leso. Usiku huo Oduori alilala humo, maana bila mwenyewe kuilalia usiku wa kwanza ingekuwa ni mabati tu.

Ijumaa asubuhi alitoka akiwa na tope kwenye shavu moja. Akamwita mdogo wake. "Haya, chimba."

Wanaume wanne walijiunga nao. Saa tano unusu lori la ofisi lilipiga honi barabarani, na nyumba ya Selpha ilikuwa na pande tatu tu. Msimamizi wa lori alimtazama Fazila.

"Nipakie?"

"Sharti linasema saa ngapi?"

"Linasema saa sita iwe imesimama."

"Basi saa sita bado," Fazila akasema, akashika kona ya turubai yeye mwenyewe. Saa sita kasoro dakika chache msumari wa mwisho ulizama. Lori likaondoka bila mzigo huo.

Simu ya Oduori iliita wakati huo. Alisikiliza kwa muda mrefu. "Sawa, boss," akasema. "Ndiyo. Funguo anazo dereva wa nyuma yangu. Sawa." Foleni ilikuwa imesonga alfajiri, na lori la bluu lilikuwa limevuka mpaka na mtu mwingine.

"Pole," Fazila akamwambia. Neno lilikuwa dogo, na alilijua hivyo.

"Pole ya nini? Kwani wewe ndiye ulisongesha foleni?"

Selpha aliingia na mtoto, akashusha pazia la turubai nyuma yake. Kikohozi kilisikika mara mbili kutoka ndani, halafu kikatulia. Mama Perez alitoka na kikombe cha chai, akakiweka juu ya jiwe karibu na mwanawe mkubwa, akaondoka.

Oduori hakukigusa mara moja. Alikuwa amechukua jembe la Derrick, akaanza kukata mtaro kuizunguka nyumba yake ndogo.

"Mtaro wa nini?" Derrick akauliza.

"Maji yanaingia upande huu nikilala," akasema Oduori, akaendelea kuchimba.