Nyumba ya Mama Tuponile Yaingia Kliniki

Jana usiku nilipitiwa na usingizi nikiwaza presha ya mgonjwa wangu, Mama Tuponile, nikaota niko kliniki kwenye mtihani wa udaktari wa familia. Nimempa dawa aina tatu na presha haijashuka hata kidogo. Nilikuwa nimeshaamua kukikucha nimwongezee ya nne, huku naogopa: nikimzidishia nitamwangusha, nikimwacha atapata kiharusi.

Msimamizi wa mtihani ni mashine ya kupimia presha. Imefunga tai.

"Kanuni ya kwanza?" inauliza.

"Usimtibu mtu ukaisahau nyumba yake."

"Nyumba yenyewe iko wapi?"

Nageuka kuitafuta. Mara hodi mlangoni, na nyumba ya Mama Tuponile inaingia kiubavubavu, imevua paa lake kwa adabu na kulikumbatia. Naiamkia, maana ilijengwa kabla sijazaliwa.

"Marahaba, mwanangu. Nilale wapi?"

"Hapo kitandani, mama. Kunja baraza kidogo."

Inakunja baraza. Kitanda kinalalamika kwamba hakikuajiriwa kwa kazi hii, wala hakuna anayekijali. Naweka kipimo changu cha kusikilizia moyo kwenye ukuta wake wa chokaa, chini ya dirisha.

"Vuta pumzi."

Inavuta, na sote tunajikuta jikoni mwake. Mama Tuponile amekaa kwenye kigoda, anakata vidonge vyangu kwa kisu cha vitunguu. Nusu anameza. Nusu anampa mumewe, Mzee Anyosisye, naye anashushia na uji bila kuuliza.

"Mama, unafanya nini?"

"Na yeye kichwa kinamgonga, daktari. Nikimwambia twende wote, anasema hospitali ni ya wagonjwa. Sasa mimi ninywe dawa peke yangu, yeye ananitazama?"

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza habari za mzee. Uliniuliza habari za chumvi."

Mashine inalegeza tai. "Na ile dawa ya nne?"

"Haitakiwi," nasema, na roho inanitulia kabisa. Kumbe dawa hazina kosa. Watu wawili walikuwa wanagawana dozi ya mmoja! Nataka kuikumbatia nyumba, ila sijui mabega yake yako wapi.

"Umefaulu," inasema mashine, kisha inajitoa upepo, fyuuu, nami naamka.

Kumekucha. Kipimo changu kiko mezani, nilikisafisha kwa spiriti kabla ya kulala. Kwenye kisahani chake cha kusikilizia kuna duara la chokaa nyeupe. Nyumbani kwangu kuta zote ni za mbao.

Nikampigia simu Mama Tuponile. "Shikamoo mama. Leo njoo na mzee, apimwe na yeye. Na vidonge msivikate tena."

"Nani kakwambia, daktari?"

Nikaifuta ile chokaa kwa kidole gumba, nikamwambia nawasubiri wote wawili.