Kishikio cha Gia

"Kaza taratibu," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Hiyo ni plastiki ya zamani."

"Kwani ufundi nimeanza jana?" fundi alijibu bila kuinua kichwa.

Baiskeli aliyokuwa akiitengeneza, mkewe alikuja nayo alipoolewa naye mwaka jana, gia zikiwa zimeshakufa, na tangu hapo ilikaa stoo. Majirani waliiita baiskeli ya marehemu, yaani mume wake wa kwanza. Asubuhi hii fundi alikuwa ametoa kile chombo cha nyuma cha kuhamisha mnyororo, plastiki tupu iliyopasukapasuka, akaweka cha chuma na waya mpya. Kilichobaki ni kishikio cha gia pale kwenye usukani.

"Hicho usikitupe kama bado kinashika," mkewe aliomba. "Nakipenda." Kisha akaingia ndani.

Kishikio kilikuwa kimelika, kimebonyea mahali pa dole gumba. Kila alipokitazama, fundi alikiona kidole cha mwanamume mwenzake, na roho ikamuuma. Ya kale hayanuki, watu husema, lakini haya yalimjaa puani. Mtu mzima, na ndevu zake, anamwonea wivu aliyelala kaburini.

Akakaza skrubu. Ilipofika mwisho alijua imefika mwisho. Akaongeza nusu mzunguko.

Ka! Vipande viwili. Akavitia mfukoni, akafunga kishikio cha chuma na, tuseme ukweli, akafurahi.

"Kimekatika," alimwambia mkewe aliporudi. "Kilikuwa kimechoka."

Mkewe aliisogelea baiskeli. Akashika usukani, na dole gumba lake likaenda lenyewe mahali pale, likateleza juu ya chuma.

"Basi tena. Miaka kumi na miwili nakisukuma, mpaka kikalika kwa kipimo cha kidole changu."

"Chako? Si baiskeli ya marehemu?"

"Alininunulia tu. Kuendesha hakujua hata kidogo, maskini. Nilikuwa nampakia nyuma." Akacheka, akapanda, akapigapiga kiti cha nyuma. "Haya, fundi wangu, panda tuijaribu kazi yako."

Alipanda. Vile vipande vikamchoma pajani. Baiskeli ikayumba, ikanyooka, gia ikaingia bila kelele.

"Shikilia," mkewe alisema.

Mikono ya fundi ilibaki hewani. Haikujua marehemu alikuwa akishika wapi.