Ukifika, Piga Tatu

Katika bonde letu zima, Eirwen Prosser ndiye mwanamke pekee asiyepiga porojo kwenye simu ya nyumbani. Ukimpigia, anaidaka kabla mlio wa kwanza haujaisha, anasikia ni wewe, anakuambia umtafute kwenye simu ya mkononi, anakata. Wageni humwona ana maringo. Sisi tuliokua naye tunajua kwamba anaiacha njia ya simu wazi.

Mwaka huu, mwishoni mwa Machi, aliniita kwa ajili ya pensheni. Mimi na Eirwen tulishona magauni ya kulalia kiwanda kimoja mpaka kiwanda kikafa, na kila mtu anajua kwamba mimi Gaynor nina mdomo na siogopi ofisi. Nikaenda na tableti yangu. Alikuwa ametengeneza vile vikeki vya zabibu vya kukaanga, na hakula hata kimoja.

Tulifungua rekodi yake ya michango ya pensheni. Kila mwaka una mstari wake, na karibu yote iliandikwa kwamba mwaka umejaa, yaani michango yake imekamilika. Mitatu tu, ule wa 2006 na miwili iliyoufuata, iliandikwa kwamba haijajaa.

"Mapengo matatu," nikamwambia, "kama mtoto wa darasa la kwanza."

Hakucheka. Aliniuliza ni nani hasa aliyeamua kwamba miaka ile haikujaa. Nikamwambia ni kompyuta, na asinichokoze nikaanza kuzisema.

Jambo lenyewe lilikuwa rahisi. Angeweza kuilipia miaka ile, pauni mia nane na ushee kila mmoja, na pensheni yake ingeongezeka kila wiki mpaka siku ya kufa kwake. Ila baada ya tarehe tano Aprili mlango wa miaka ya zamani namna hiyo ulikuwa unafungwa. Eirwen anafikisha umri wa pensheni Oktoba. Anapiga deki katika shule ya msingi, na magoti yake yamekwisha kabisa. Akishuka ngazi unayasikia. Akilipa, ataweza kuiacha ndoo. Asipolipa, ataendelea kuiburuta. Na pesa alikuwa nayo, iko posta, imetulia.

Ila ile ilikuwa pesa ya Iestyn.

Nieleze kidogo. Huku kwetu, zamani simu zilipokuwa ghali, mtu akisafiri alikuwa akifika anapiga nyumbani, anaiacha ilie mara tatu, anakata. Vijana wa leo wangesema anabipu. Aliyeko nyumbani hapokei, maana akipokea pesa inaliwa. Anasema tu, "Amefika," anaendelea na mambo yake. Mama yangu alifanya hivyo, na mama yake Eirwen pia. Hata simu zilipokuwa rahisi hatukuacha. Mtoto akishika kitasa cha mlango unamwambia, ukifika, piga tatu.

Iestyn alikuwa mwanawe wa pekee, na baba yake alishakufa. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mrefu, mpole, mvivu wa kuamka. Jioni moja ya Novemba, mwaka huo wa 2006, alitoka kwa miguu kwenda kwa rafiki yake upande wa pili wa mlima, kama alivyokwenda mara nyingi. Eirwen akamwambia neno lile lile. Baadaye, akiwa anaosha sufuria, simu ikalia mara tatu ikanyamaza. Eirwen akasema, "Amefika," akajifuta mikono, akaenda kulala.

Hakuwa amefika. Asubuhi mama wa yule rafiki alipita kuuliza kwa nini kijana hakutokea. Eirwen akabonyeza 1471, namba inayokutajia aliyekupigia mwisho. Akatajiwa namba ya kibanda cha simu kule juu, kwenye barabara ya mlimani, nusu ya njia. Polisi walikwenda na mbwa, wakaja na helikopta, na wanaume wa bonde wakapita majani ya mlima bega kwa bega. Hata kiatu hakikuonekana.

Unaona kilichomla Eirwen. Mtu aliyeko nusu ya njia hapigi kusema amefika. Huenda alipiga kuomba msaada, na sarafu zilikuwa chache. Huenda alitumaini mama atapokea, simu ikakatika kabla ya mlio wa nne. Kibaya ni kwamba mama alifanya kile kile alichofundishwa na mama yake.

Akaacha kazi. Kwa miaka ile yote hakuomba posho yoyote ya serikali, hakutia sahihi popote, hakukubali neno marehemu, aliishi kwa akiba na vyungu vya supu tulivyompelekea. Mchana alikaa kando ya ile simu. Jioni alikipigia kibanda. Alinipa kipokezi nisikilize mara moja tu, sitarudia tena: mlio unakwenda na kwenda, na unajua kwamba unalia kweli, kule gizani, kwenye upepo, kondoo wakiusikia. Mara moja mwendesha baiskeli alipokea. Eirwen hakuweza kusema kitu, na yule mtu akaita halo, halo, akakata. Baadaye kampuni ya simu ikaja kuking'oa kibanda kwa kuwa hakina wateja. Jioni ile namba haikulia tena. Wiki iliyofuata Eirwen alikwenda shuleni akapewa ndoo.

Hayo ndiyo mapengo yake. Na tangu mshahara wa kwanza wa deki amekuwa akiweka kidogo kidogo kando, ili Iestyn akirudi akute pa kuanzia.

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Alisema nikigusa ile pesa nimemzika Iestyn. Nikamwambia kwamba anayezikwa ni yeye, tena kwa mikono yake mwenyewe. Nilikuwa na hasira. Ninampenda huyu mwanamke, na nimechoka kuyasikia magoti yake.

"Sikiliza, mwenzangu," nikasema. "Miaka ile ulikuwa kazini. Ulimfanyia kazi Iestyn, usiku na mchana, bila likizo. Mwache mtoto amlipe mama yake."

Nilidhani atanifukuza. Kisha akanyanyuka. Nikamsogezea simu yangu ya mkononi, akaikataa.

"Analipa yeye. Acha ipite kwenye simu yake."

Akapiga kwenye ofisi ya kodi, ambayo ndiyo hupokea michango hiyo, kwa simu ile ile ya nyumbani. Tukawekewa muziki wa kusubiri. Ulikuwa muziki wa kijinga, unaojirudia, na Eirwen alikishika kipokezi kwa mikono yote miwili. Tangu kibanda kilipong'olewa njia ile haikuwahi kuzibwa hata kwa dakika mbili. Niliona midomo yake ikisema kitu. Alikuwa anamwomba mtoto asipige sasa hivi.

Hatimaye akajibu kijana mwenye sauti ya upole, nami nikasogeza sikio. Aliuliza kama katika kipindi hicho Bi Prosser alikuwa nje ya nchi, au mgonjwa, au akimhudumia mtu.

"Nilikuwa nyumbani," Eirwen akasema. "Nilikuwa namsubiri mtoto."

"Mtoto mdogo?"

"Wa miaka kumi na tisa."

"Hiyo hatuna pa kuiweka, mama," akasema. "Pole sana."

Akatoa namba ya kulipia. Tukaihamisha pesa hapo hapo kwenye tableti. Eirwen mwenyewe ndiye aliyebonyeza, kwa kidole kilichopasuka kwa sabuni, kisha akakirudisha kipokezi mahali pake taratibu.

Simu ikalia.

Nilimngoja aidake. Hakuidaka. Alisimama mkono ukiwa hewani. Ikalia mara ya pili. Ikalia ya tatu. Ikanyamaza.

Nikarukia simu nibonyeze 1471. Mimi ni mtu wa kutaka kujua. Labda ni kijana wa kodi, labda mtu kakosea namba, labda ni wale wasiokoma kupiga simu kuuza madirisha. Eirwen akauweka mkono wake juu ya wangu, ukiwa baridi.

"Acha, Gaynor. Amefika."

Sikubonyeza. Nikavaa koti nikatoka, na njia nzima sikutazama upande wa mlimani.

Nyumbani kwangu, bado nimevaa koti, nikampigia kwenye simu ya mezani kwake, kusema nimefika. Nikahesabu mlio wa kwanza, wa pili, wa tatu. Hakuna aliyeidaka. Nikakata, nikakaa kwenye ngazi nikalia, kwa kuwa sikujua amedhani ni nani.